Kisa cha 4,294,967,297: namba iliyodhaniwa tasa kwa miaka 92

Namba iliyo mbele yetu ina tarakimu kumi: 4,294,967,297. Ni 2³² ikaongezwa 1. Swali lake ni lile linaloulizwa kwa kila namba kubwa: ni tasa, au ina vigawo? Jibu linajulikana tangu 1732. Si tasa, ni zao la 641 na 6,700,417. Ila jibu peke yake halitoshi, maana namba hii ina tabia ya kushangaza. Hupita vipimo ambavyo namba zisizo tasa karibu zote hushindwa, kisha huangushwa na kigawo cha tarakimu tatu tu. Mambo hayo mawili yana chanzo kimoja, nacho ni jinsi ilivyojengwa kutokana na 2. Kila hesabu iliyo hapa chini unaweza kuikagua mwenyewe kwa kalamu, isipokuwa chache zinazotaka kikokotoo.

Dai la Fermat

Mwaka 1640 Pierre de Fermat, Mfaransa aliyekuwa mwanasheria huko Toulouse, aliwaandikia wenzake kuhusu namba zinazopatikana hivi: chukua 2, ipandishe kwa kipeo 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea hivyo kila mara kipeo kikizidishwa kwa 2, kisha ongeza 1. Zinatoka 3, 5, 17, 257, 65,537, na ya sita ni hii yetu. Aliamini zote ni tasa, ingawa alikiri hana uthibitisho. Tano za mwanzo ni tasa kweli.

Kipeo hakichaguliwi hivyo bure. Kikiwa na kigawo witiri kinachozidi 1, namba haiwezi kuwa tasa. Chukua 2²⁴ + 1 = 16,777,217. Kwa kuwa 24 ni 8 mara 3, hiyo ni 2⁸ iliyopandishwa kwa kipeo 3 na kuongezwa 1, na jumla ya namba ya kipeo cha tatu na 1 daima hugawanyika kwa ile namba ya ndani ikiongezwa 1, yaani 257. Hakikisha: 257 × 65,281 = 16,777,217. Kwa hiyo vipeo vinavyobaki na matumaini ni vile ambavyo havina kigawo witiri kabisa: 1, 2, 4, 8, 16, 32.

Mwaka 1729 Christian Goldbach alimwandikia Leonhard Euler akimuuliza kama analijua dai hilo la Fermat. Mwaka 1732, akiwa St. Petersburg, Euler alitangaza kwamba 641 inaigawa namba ya sita bila baki. Miaka 92 ilikuwa imepita.

Vipimo vya darasani havisaidii

Anza na vile kila mtu anavyovijua. Tarakimu ya mwisho ni 7, basi 2 na 5 zimetoka. Jumla ya tarakimu zote ni 59, ambayo haigawanyiki kwa 3. Kwa 7 baki ni 5, na kwa 11 baki pia ni 5.

Kuna kipimo kimoja kizuri zaidi ambacho wengi hukiruka. Ondoa 2 kwenye namba yetu, upate 4,294,967,295, yaani 2³² − 1. Hiyo ni tofauti ya miraba miwili, hivyo ni (2¹⁶ + 1) × (2¹⁶ − 1). Mabano ya pili nayo yanavunjika vivyo hivyo, na yanayofuata, hadi unapata 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537. Namba yetu ikigawanywa kwa yoyote kati ya hizo tano, baki ni 2. Kwa maneno mengine, namba ya sita ya Fermat haishiriki kigawo chochote na ndugu zake watano waliotangulia. Hili litatuokolea kazi baadaye.

Kugawa moja baada ya nyingine

Njia ya nguvu ni kugawa kwa kila namba tasa hadi kipeuo cha pili, ambacho hapa ni 65,536 na chembe. Chini ya hapo kuna namba tasa 6,542. Orodha hiyo inatisha kwa mtu wa karne ya 17 asiye na kikokotoo, na bila shaka ilichangia dai lile kukaa muda mrefu. Lakini 641 ni namba tasa ya 116 tu ukihesabu kuanzia 2. Kazi ya kugawa mara 116 ni ya siku moja au mbili kwa mtu mvumilivu.

Na wala si lazima kugawa tarakimu kumi kila mara. Namba yetu ni mraba wa 65,536 ukiongezwa 1, basi fanya hivi: tafuta baki ya 65,536 kwa kigawo unachokijaribu, zidisha baki hiyo kwa yenyewe, tafuta baki tena, ongeza 1. Kwa 641:

65,536 = 641 × 102 + 154
154 × 154 = 23,716 = 641 × 36 + 640
640 + 1 = 641

Baki ni sifuri. Mistari mitatu imemaliza dai la miaka 92.

Kosa linalotokea mara nyingi hapa ni kusahau kutafuta baki kabla ya kuzidisha. Mtu anaanza na 65,536 nzima, anapata namba ya tarakimu kumi, anakosea tarakimu moja katikati, na hana njia ya kugundua. Ukipunguza kwanza, hakuna hatua inayovuka tarakimu sita.

Kupunguza orodha

Hapa ndipo utamu wa kisa ulipo. Tuseme p ni namba tasa inayoigawa 2³² + 1. Basi 2³² ikigawanywa kwa p inapungukiwa na 1, yaani inaacha baki sawa na −1. Zidisha kwa yenyewe: 2⁶⁴ inaacha baki 1. Sasa tafuta kipeo kidogo kuliko vyote ambacho 2 ikipandishwa nacho inaacha baki 1. Kipeo hicho lazima kiigawe 64, hivyo ni 1, 2, 4, 8, 16, 32 au 64. Hakiwezi kuwa 32 au kidogo kuliko hapo, kwa sababu kingekuwa hivyo 2³² ingeacha baki 1, nasi tumeshasema inaacha −1. Basi ni 64 kamili.

Kanuni ndogo ya Fermat, ambayo naye aliitaja mwaka huohuo wa 1640, inasema 2 ikipandishwa kwa p − 1 inaacha baki 1 kwa p. Kwa hiyo 64 inaigawa p − 1. Kila kigawo tasa cha namba yetu kina umbo la 64k + 1. Euler aliuchapisha uthibitisho wa umbo hili miaka kadhaa baada ya kutangaza 641.

Orodha inakatika kwa kishindo: 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641. Zilizo tasa humo ni 193, 257, 449, 577 na 641. Kwa njia ya mistari mitatu, baki zinatoka 109, 2, 325, 288, na mwisho 0. Kutoka majaribio 116 tumebaki na matano.

Édouard Lucas, mwaka 1878, alikaza zaidi. Chukua 2²⁴ − 2⁸, yaani 16,776,960. Mraba wake ni 281,466,386,841,600, na ukiugawa kwa 4,294,967,297 unapata 65,534 na baki 2. Maana yake, ukihesabu kwa baki za namba yetu, 16,776,960 inafanya kazi ya kipeuo cha pili cha 2. Kama 2 inahitaji kipeo 64 ili kufika kwenye 1, kipeuo chake kinahitaji mara mbili, 128. Kwa hiyo kila kigawo tasa ni 128k + 1. Hadi 641 umbo hilo linatoa 129, 257, 385, 513 na 641, na tasa ni 257 na 641 tu. Ile 257 tulishaiondoa tulipotoa 2. Jaribio la kwanza la kweli ndilo linalofaulu.

Kuna pia uthibitisho usiohitaji kugawa kabisa. 641 inaandikika kwa namna mbili: 5 × 2⁷ + 1, na 5⁴ + 2⁴ (625 na 16). Kwa namna ya kwanza, 5 × 2⁷ ina baki −1 kwa 641. Ipandishe kwa kipeo 4: 5⁴ × 2²⁸ ina baki 1. Kwa namna ya pili, 5⁴ ni sawa na −2⁴ kwa baki. Weka hiyo mahali pake: −2⁴ × 2²⁸, yaani −2³², ina baki 1. Basi 2³² + 1 inagawanyika. Ukiutazama vizuri, utaona kwamba hakuna tarakimu kubwa iliyoguswa.

Je, 6,700,417 ni tasa?

Maelezo mengi huishia kwenye 641 na kuliacha gawio lile kubwa bila kulikagua. Si halali. Kigawo kimoja kupatikana hakusemi lolote kuhusu kilichobaki.

Kipeuo cha pili cha 6,700,417 ni 2,588 na kitu. Kigawo chake chochote tasa ni kigawo cha namba yetu pia, hivyo lazima kiwe na umbo la 128k + 1. Chini ya 2,588 umbo hilo lina namba ishirini, na zilizo tasa ni tano: 257, 641, 769, 1,153 na 1,409. Usiiruke 641 kwa kudhani imeshatumika. Huenda ingeigawa namba yetu mara mbili. Baki zinazotoka ni 170, 44, 120, 334 na 622. Hakuna sifuri, basi 6,700,417 ni tasa na mgawanyo umekamilika.

Ukishakuwa na vigawo hivyo viwili, sifa nyingine zinafuata kwa hesabu fupi. Vigawo vyote ni vinne: 1, 641, 6,700,417 na namba yenyewe. Jumla yake ni 642 × 6,700,418 = 4,301,668,356. Vigawo bila namba yenyewe vinajumlika kuwa 6,701,059, kiasi kidogo mno kuliko namba. Namba zilizo chini yake zisizoshiriki nayo kigawo ni 640 × 6,700,416 = 4,288,266,240.

Miraba miwili, kwa njia mbili

Kwa sura yake tu namba hii ni jumla ya miraba miwili: 65,536² + 1². Namba tasa haiwezi kuandikwa hivyo kwa zaidi ya njia moja, ukiacha kubadilisha mpangilio na alama. Basi ikipatikana njia ya pili, utasa umekwisha hata kabla ya kujua kigawo.

Nayo ipo: 62,264² + 20,449². Miraba hiyo ni 3,876,805,696 na 418,161,601, na jumla yake ni 4,294,967,297. (Na 20,449 yenyewe ni mraba wa 143, jambo ambalo halina kazi hapa lakini linapendeza.)

Kutoka njia mbili unafika kwenye vigawo. Zidisha kwa kukingamanisha na uondoe: 65,536 × 20,449 − 1 × 62,264 = 1,340,083,400. Tafuta kigawo kikubwa cha shirika kati ya hiyo na namba yetu, kwa kugawa na kubadilishana baki hadi sifuri. Kinatoka 6,700,417. Hakika, 1,340,083,400 ni 200 × 6,700,417.

Ukitaka kujua miraba ya pili ilitoka wapi, tazama vigawo: 641 = 25² + 4², na 6,700,417 = 2,556² + 409². Kuna kanuni ya zamani, ya Brahmagupta wa India, ya kuzidisha jumla mbili za miraba ili upate jumla nyingine ya miraba. Kwa kujumlisha: 25 × 2,556 + 4 × 409 = 65,536, na 25 × 409 − 4 × 2,556 = 1. Kwa kubadili alama: 63,900 − 1,636 = 62,264, na 10,225 + 10,224 = 20,449. Njia zote mbili zimetoka katika vigawo vilevile. Hakuna ya tatu.

Kipimo kinachodanganywa

Leo watu hawagawi hadi kipeuo. Wanachukua msingi fulani, kwa mazoea 2, wanaupandisha kwa namba inayopimwa ikipunguzwa 1, na kutazama baki. Namba ikiwa tasa baki ni 1. Baki ikiwa tofauti, si tasa, basi. Baki ikiwa 1, wengi husema tasa na kuondoka.

Kwa namba yetu, kipeo ni 4,294,967,296, yaani 2³². Tumeona 2⁶⁴ ina baki 1. Na 64 inaigawa 2³². Basi 2 ikipandishwa kwa 4,294,967,296 ina baki 1. Kipimo kimepita, na namba si tasa.

Kuna kipimo kikali zaidi, kile cha Miller na Rabin, kinachotazama pia hatua za katikati: unapozidisha kwa yenyewe mfululizo kuelekea 1, hatua ya mwisho kabla ya 1 lazima iwe −1. Hapa hatua hizo ni 2, 4, 16, 256, 65,536, kisha 4,294,967,296, ambayo ni −1 kamili. Kinachofuata ni 1. Nacho kimepita! Namba hii hupita kwa msingi wa 2 kwa sababu imejengwa kwa 2; kuiuliza 2 kuhusu 2³² + 1 ni kumuuliza mtoto kuhusu mama yake.

Kubadili msingi kuwa 4, 8 au 16 hakusaidii hata kidogo. Vipeo vyote vya 2, vilivyo 64 kwa baki za namba hii, hudanganya vilevile, na kwa kipimo kikali pia. Mtu anayepima kwa 2, 4 na 8 akidhani amepima mara tatu amepima mara moja.

Hata hivyo waongo ni wachache. Kwa kipimo cha kawaida, misingi inayodanganya ni 128 × 128 = 16,384, yaani mmoja katika kila 262,144. Kwa kipimo kikali ni 5,462 tu kati ya zaidi ya bilioni nne. Ukichagua msingi kwa kubahatisha, karibu hakika utaikamata. Tatizo ni mazoea ya kuanza na 2 na kuishia hapo.

Chukua 3. Théophile Pépin mwaka 1877 alitoa kipimo maalumu kwa namba za Fermat, nacho leo hufanywa hivi: anza na 3, zidisha kwa yenyewe mara 31, kila mara ukibakiza baki. Namba ikiwa tasa, mwisho ni −1, yaani 4,294,967,296. Isipokuwa tasa, mwisho ni kitu kingine. Hakuna hali ya tatu. Hatua za mwanzo ni 9, 81, 6,561, 43,046,721, kisha 3,793,201,458, kisha 1,461,798,105. Baada ya hatua ya 31 unapata 10,324,303. Si −1. Namba imeanguka, ingawa kipimo hiki hakikuambii hata kigawo kimoja.

Hapo kuna jambo la kufikirisha. Fermat alikuwa na kanuni ndogo mkononi mwaka uleule. Kuzidisha namba za tarakimu kumi mara 31 au 32 ni kazi ya kuchosha, lakini inawezekana kwa mkono.

Kompyuta inapokosea

Namba hii iko mahali pabaya kabisa kwa kompyuta. Kwa mfumo wa jozi ni 1, sifuri 31, kisha 1: jumla biti (tarakimu za jozi) 33. Sehemu ya biti 32 hufikia 4,294,967,295 tu. Ukiihifadhi humo, biti ya juu inakatwa na programu inabaki na 1, bila onyo katika lugha nyingi. Dalili yake ni jibu la haraka kupita kiasi, au kosa la kugawa linalotokea baadaye mahali pasipohusiana.

Biti 64 zinaihifadhi vizuri, lakini si mazao yake. Baki kubwa kuliko zote ni 4,294,967,296, na mraba wake ni 18,446,744,073,709,551,616, yaani 2⁶⁴ kamili. Sehemu ya biti 64 isiyobeba hasi hufikia hiyo ikipunguzwa 1. Umeizidi kwa moja tu, na kinachobaki ni sifuri. Sasa rudi kwenye kipimo cha kawaida kwa msingi wa 2: baada ya kufika 2³², hatua inayofuata inatakiwa kuwa 1, lakini programu inapata 0, na sifuri ikizidishwa inabaki sifuri hadi mwisho. Programu inatangaza "si tasa". Jibu ni sahihi, sababu ni mbovu, na mwandishi wake anaondoka akiamini msimbo wake ni mzima. Kosa hilo ni baya kuliko lile linaloonekana.

Kwa msingi wa 3, kosa linaanza kwenye hatua ya sita. Mraba wa 3,793,201,458 una tarakimu 20 na unazidi 2⁶³, hivyo sehemu ya biti 64 inayobeba hasi itakupa namba hasi. Lugha zinazohifadhi namba zote kwa desimali za biti 64 ziko sahihi hadi 2⁵³, yaani 9,007,199,254,740,992. Hatua ya tano bado inapita, kwa kuwa 3³² ni 1,853,020,188,851,841, lakini ya sita inapoteza tarakimu za mwisho, na baki yote inategemea hizo. Katika lahajedwali hata hiyo ya tano itaonekana ikiishia na 0, kwa sababu tarakimu zinazoonyeshwa ni 15 tu. Tumia biti 128 kwa mazao ya katikati, au lugha yenye namba nzima zisizo na kikomo, kisha linganisha na 1,461,798,105 kwenye hatua ya sita. Ikilingana, endelea.

Zana mbili za kuvunja, moja haifai

Fermat mwenyewe alikuwa na njia ya kuvunja namba kwa tofauti ya miraba: anza juu kidogo ya kipeuo, na utafute mraba ambao ukiuondolea namba yako unabaki mraba mwingine. Jaribio la kwanza ni 65,537², linalobakiza 131,072, ambayo si mraba. Endelea hivyo hadi 3,350,529, wastani wa vigawo viwili. Hayo ni majaribio 3,284,993. Njia hii hupenda vigawo vinavyokaribiana, na hapa kimoja kina tarakimu tatu, kingine saba. Achana nayo.

Inayofaa ni ile ya John Pollard, inayotegemea p − 1 kuwa na vigawo vidogo. Kwa 641, p − 1 ni 640 = 2⁷ × 5, kitu laini kabisa. Kwa 6,700,417 ni 2⁷ × 3 × 17,449, na hiyo ya mwisho ni tasa kubwa kiasi. Pandisha 3 kwa 640, toa 1, tafuta kigawo kikubwa cha shirika na namba yetu: kinatoka 641. Lakini fanya hivyo kwa 2 badala ya 3, na utapata namba nzima 4,294,967,297, bila kuvunjika popote. Kwa vigawo vyote viwili 2 hufika kwenye 1 kwa kipeo kilekile cha 64, hivyo vinaingia pamoja kwenye jibu. Ukiona njia hii inarudisha namba yako yote, badili msingi kabla ya kulaumu programu.

Jirani zake

Ile 4,294,967,295 iliyo pungufu kwa 2 ina heshima yake. Mwaka 1796 Carl Friedrich Gauss alionyesha kwamba umbo la pande 17 zilizo sawa huchorwa kwa rula na bikari tu. Baadaye ilithibitishwa kwamba kinachoamua kwa pande witiri ni namba tasa za Fermat, kila moja ikitumika si zaidi ya mara moja. Zao la tano zote zinazojulikana ni 4,294,967,295. Hiyo ndiyo idadi kubwa ya pande witiri inayojulikana kuchoreka. Kama namba yetu ingekuwa tasa, orodha ingeendelea mbele, haikuendelea.

Namba ya saba, 2⁶⁴ + 1, huvunjika kwa hatua zilezile, ila vigawo vyake vina umbo la 256k + 1. Kidogo ni 274,177, yaani 256 × 1,071 + 1, na Fortuné Landry alikitangaza mwaka 1880. Zinazofuata, hadi ile yenye kipeo 2³², zote zimethibitishwa kuwa si tasa, na baadhi yake hazina kigawo hata kimoja kinachojulikana. Yenye kipeo 2³³ bado haijajibiwa. Ina tarakimu zaidi ya bilioni 2.5, na kipimo cha Pépin kwake kinadai kuzidisha namba ya ukubwa huo kwa yenyewe mara 8,589,934,591, mfululizo.